Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya taa na nguzo za Dar es Salaam: taa hufia miguuni

Kwa Waheshimiwa Mameya na Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Mameneja wa Mkoa wa TANROADS, TARURA na TANESCO. Na Mkuu wa Usalama Barabarani.

Salaam.

Tunaowaandikia ni mafundi na wahandisi wa umeme wa barabarani. Hatuombi taa mpya. Tunaomba fedha za matengenezo zishuke chini, zifike pale nguzo inapokutana na ardhi. Mkaguzi akipita barabarani hutazama juu, akahesabu taa zilizozima, akaandika kwamba globu zinunuliwe. Globu hununuliwa, hufungwa, na miezi mitatu baadaye giza liko palepale, kwa sababu ugonjwa haukuwa kichwani. Ulikuwa miguuni: kifuniko cha nguzo kilichoibwa, maungio ya kebo yaliyoingia maji, nati zilizoliwa na kutu, nguzo ya mti iliyooza sentimita 30 chini ya mchanga, betri ya mataa ya kuongozea magari iliyokufa ndani ya kabati.

Giza lenyewe husomeka, na mwenyekiti wa mtaa akielekezwa kwa dakika kumi anaweza kulisoma na kulieleza kwa simu. Msururu mzima ukizima, tafuta kwenye paneli, yaani kabati la umeme linalolisha msururu huo: breka kuu, kontakta (swichi kubwa inayowasha taa zote) iliyoungua ncha zake, au taima (saa ya kuwasha na kuzima). Ikizima moja, mbili zikawaka, tena moja ikazima na mbili zikawaka, fezi moja (moja ya nyaya tatu zinazoleta umeme) imepotea, maana kwenye barabara kubwa taa hugawanywa kwa zamu katika fezi tatu. Zikiwaka hadi nguzo fulani na baada ya hapo ni giza mpaka mwisho, kebo imekatwa kati ya nguzo ya mwisho yenye mwanga na ya kwanza isiyo nao, na mara nyingi hapo utaona mtaro mbichi wa bomba la maji au wa mkongo wa intaneti. Taa moja iliyozima peke yake ni breka yake ndogo, draiva yake (kifaa kinachoilisha LED umeme), au waya unaopanda ndani ya nguzo. Taa ya sodiamu inayowaka, ikazima, ikawaka tena kila baada ya dakika kadhaa ina globu iliyochoka. Ikiachwa hivyo ignita (kiwashio chake) nayo huungua, na gharama ya kitu kimoja inakuwa ya viwili.

Zile zinazowaka saa sita mchana ndizo zinazowaudhi wananchi kuliko zote, nao wana haki ya kuudhika. Chanzo huwa kimoja kati ya viwili. Ama fotoseli, jicho linalohisi giza, imekufa, nayo kwa kawaida hutengenezwa ili ikifa iache taa zikiwaka, kwa kuwa mwanga wa bure mchana una hasara ndogo kuliko giza usiku. Ama kibetri kidogo ndani ya taima kimeisha, hivyo kila umeme ukikatika saa ya taima inapotea na mchana unakuwa usiku. Kibetri hicho ni cha kubadilisha kila baada ya miaka mitatu bila kungoja kife. Kwa Dar es Salaam taima inafaa sana, kwa sababu kati ya machweo ya mapema kabisa na ya kuchelewa kabisa katika mwaka mzima tofauti ni kama nusu saa tu. Mitambo ya bei kubwa iliyobuniwa kwa miji ambayo usiku wake hurefuka na kufupika kwa saa nyingi hatuihitaji.

Sasa tushuke kwenye mguu wa nguzo.

Nguzo ya chuma ya taa ina kijimlango karibu na ardhi. Ndani yake kebo inayotoka ardhini hukutana na waya unaopanda juu, na ndimo ilimo breka ndogo ya ampia 6. Kijimlango hicho huuzwa kwa wanunuzi wa skrepa kwa bei ya chakula cha mchana. Kikishaondoka, mvua za masika huingia, panya huingia, mikono ya watoto huingia. Wapo pia vishoka wanaoona pale soketi ya bure ya kibanda cha chipsi. Fundi wa haraka huja na tepu nyeusi, akazungusha maungio mara tano, akafunga mlango kwa kipande cha waya, akaondoka. Tepu haizuii maji, inayafungia ndani. Katika hewa ya chumvi ya Msasani, Kigamboni na ufukwe wa Barabara ya Barack Obama, alumini iliyoshikanishwa na shaba moja kwa moja huanza kulika baada ya miezi, maungio yanapata joto, na siku moja yanaungua.

Kazi ile ikifanywa inavyotakiwa huchukua dakika arobaini. Zima paneli na uifunge kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi, si mwa dereva. Pima kuhakikisha umeme haupo, kati ya kila fezi na nyutro (waya wa kurudi), na kati ya kila fezi na mwili wa nguzo. Kata ncha za kebo zilizobadilika rangi mpaka ufikie metali inayong'aa. Vika ncha hizo vichwa vya kubana, na alumini inapokutana na shaba tumia kiunganishi cha metali mbili. Funga maungio ndani ya boksi lisiloingiza maji, liinuliwe angalau sentimita 50 kutoka usawa wa ardhi, kwa kuwa maeneo kama Jangwani na Msimbazi maji hayaombi ruhusa. Pima kebo kwa mega ya volti 500 (kifaa kinachoonyesha kama ganda la kebo linavujisha umeme), na ikisoma chini ya megaomu 1 usiwashe, tafuta jeraha kwanza. Kisha rudisha kijimlango chenye bolti za ufunguo maalumu, ukifunge na mkanda wa chuma usioshika kutu kuzunguka nguzo. Nguzo mpya ziagizwe zikiwa na kijimlango kilichopanda mita 2.5 juu, na kebo mpya ya chini iwe ya alumini. Mwizi anajua bei ya shaba kuliko mhasibu yeyote.

Waya wa ethi, ule unaoondoa umeme unaovuja kwenye mwili wa nguzo, tunauzungumzia peke yake kwa sababu ukikosekana unaua. Nguzo ya chuma iliyopoteza ethi, na fezi ikagusa mwili wake, haionyeshi dalili yoyote, na taa inaweza kuendelea kuwaka vizuri tu. Kama umeme unaovuja unarudi kupitia udongo peke yake na ukinzani ni omu 20, mkondo utakaopita ni 230 gawanya kwa 20, yaani ampia 11.5. Breka ya ampia 32 kwenye paneli haitatikisika. Nguzo itabaki na umeme wiki nzima, mpaka mtu aliyelowa aiegemee akingoja daladala. Kwa hiyo kila paneli iwekewe breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 300. Kila nguzo iunganishwe na waya wa ethi unaotembea na kebo, na kila nguzo ya tano pamoja na ile ya mwisho ichomekewe fimbo ya shaba ya mita 1.5. Lengo ni omu 10 au chini, zikipimwa mwisho wa kiangazi udongo ukiwa mkavu. Vipimo vinavyochukuliwa wakati wa masika huwa vizuri siku zote, na ni vya uongo.

Bolti za msingi nazo zisisahaulike. Nguzo ya mita 10 hushikwa na bolti nne za milimita 24. Wanaojenga njia za waenda kwa miguu huzifukia kwa zege au vitofali, maji yanatuama, na kutu hula kimyakimya mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Nati zikae wazi, zipakwe grisi, zivikwe kofia, na zikazwe upya mwaka wa kwanza baada ya nguzo kusimamishwa.

Kuhusu kubadilisha sodiamu kwenda LED hatuna ubishi, hesabu inajisemea. Taa ya sodiamu ya wati 250 pamoja na balasti yake (kifaa kinachodhibiti umeme wake) hula kama wati 280. Kwa saa 12 za usiku hizo ni uniti 3.36, na kwa mwaka ni zaidi ya 1,220. LED ya wati 120 hula uniti 1.44 kwa usiku, karibu 526 kwa mwaka. Unaokoa kama uniti 700 kwa kila taa, na kwa taa elfu moja ni uniti laki saba. Ila zabuni ziandikwe na mtu aliyewahi kufungua taa. Draiva ibadilishike bila kutupa taa nzima, kinga ya mpigo wa umeme iwe ya kilovolti 10 na iwe kipande cha kung'oa, na ganda lisiingize maji wala vumbi kwa kiwango cha IP66. LED yenyewe hudumu miaka zaidi ya kumi. Kinachokufa mapema ni draiva, hasa umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kununua taa zilizozibwa kama kopo la samaki ni kununua taa mpya kila baada ya miaka mitatu.

Za sola ndizo zenye ulaghai mwingi. Taa ya wati 60 ikiwaka saa 12 inahitaji watisaa 720. Ili ivuke mausiku mawili ya mawingu, na betri isikamuliwe zaidi ya asilimia 80, unahitaji betri ya watisaa 1,800, yaani kama ampiasaa 140 kwa volti 12.8. Paneli ya jua ya kuijaza, ukihesabu saa nne na nusu za jua kali na upotevu wa asilimia 30, ni kama wati 230. Sasa linganisheni na zile zinazoletwa zikiwa zimeandikwa wati 300 ubavuni huku paneli yake ina ukubwa wa sinia ya ubwabwa. Zinawaka mpaka saa nne usiku, kisha zinalala kabla ya walinzi. Pia tuko kusini mwa ikweta, hivyo paneli ielekee kaskazini kwa mlalo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe. Isiwekwe chini ya mwarobaini wala mwembe, na betri isizikwe kwenye sanduku ardhini.

Nguzo za mti. Hizi ni za mikaratusi, nyingi zikitoka nyanda za juu kusini, zimepikwa kwa dawa ya shaba, kromu na aseniki. Dawa huingia kwenye mti wa nje tu, kiini kinabaki kibichi. Ndiyo maana nguzo haikatwi chini hata kama shimo ni fupi, kwa kuwa ukikata kitako umewafungulia mchwa mlango. Kina cha shimo ni sehemu moja ya kumi ya urefu, ongeza sentimita 60: nguzo ya mita 9 izame mita 1.5, ya 11 izame 1.7, ya 12 izame 1.8. Kwenye mchanga wetu wa pwani udongo urudishwe kwa tabaka za sentimita 20, kila tabaka lishindiliwe. Nguzo nyingi zilizolala kama mlevi hazikusukumwa na upepo, zilifukiwa kwa sepetu peke yake. Nyingine zililala kwa sababu stei yake (waya wa kuishikilia isilale) ilikatwa na mtu aliyetaka kupitisha ukuta.

Kuoza huanzia juu kidogo ya ardhi na kushuka kama nusu mita, penye unyevu na hewa pamoja. Kwa hiyo kuitazama nguzo kutoka kwenye gari si ukaguzi. Chimba kuizunguka kina cha sentimita 40. Igonge kwa nyundo kuanzia kimo cha kifua kushuka: mti mzima hujibu "ko, ko", uliooza hujibu "bu, bu". Choma kwa chuma chenye ncha. Kisha pima mzunguko wa sehemu iliyobaki ngumu, maana nguvu ya nguzo hufuata unene wake uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Nguzo iliyopoteza asilimia 10 ya kipenyo imepoteza asilimia 27 ya nguvu, na iliyopoteza asilimia 20 imebakiwa na nusu tu. Hiyo ya pili ipigwe alama nyekundu na hakuna fundi anayeruhusiwa kuipanda, hata kama mteja ni mheshimiwa. Baada ya ukaguzi sehemu iliyochimbwa ipakwe dawa ya shaba, ifungwe kwa karatasi ya lami, ifukiwe.

Mambo mawili yanayohusu nguzo hizi yanahitaji amri yenu. La kwanza ni kuchoma taka chini yake. Mti wenye dawa ya shaba na kromu ukishika moto haulipuki, huendelea kufuka kimyakimya kwa saa nyingi baada ya taka kuwa majivu, na nguzo huanguka usiku watu wakiwa wamelala. La pili ni nguzo kuukuu kuuzwa kuni. Aseniki haipotei motoni, iko kwenye moshi na kwenye majivu. Mama lishe anayepikia kipande cha nguzo hajui anachopikia, na aliyemuuzia hana sababu ya kumwambia. Nguzo zilizotolewa zihesabiwe na zirudi stoo. (Matangazo ya waganga hatuyasemi sana, ila misumari yao huwachana mafundi wapandao kwa mikanda.)

Waya wa juu ukianguka ujumbe kwa wananchi uwe mmoja kote: mita 10 mbali, usiuguse hata kwa mti mkavu, piga simu. Matawi yapunguzwe Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, si baada ya dhoruba ya kwanza. Nyaya za intaneti zinazoning'inizwa kwenye nguzo za umeme bila kibali ziondolewe au zisajiliwe, kwa sababu nguzo ilikokotolewa kubeba nyaya zake, haikukokotolewa kubeba mzigo wa kila anayepita.

Tumefika kwenye mataa.

Kwenye makutano, nyekundu iliyokufa si sawa na kijani iliyokufa. Kijani ikifa magari yanachelewa. Nyekundu ikifa, dereva anayeona giza upande wake hudhani mataa yote yamezima, akaingia, wakati upande wa pili una kijani halali. Kwa hiyo kila uelekeo uwe na nyekundu mbili, moja kando na moja juu au ng'ambo, na nyekundu moja ikifa hiyo ni kazi ya saa nne, haisubiri Jumatatu. Kifaa kilicho kabatini kinachozuia kijani mbili zinazogongana kijaribiwe kila baada ya miezi sita. Fundi anayekizunguka kwa kipande cha waya ili mataa "yafanye kazi kwanza" aondolewe kazini. Hapo hatuna lugha laini.

Muda wa rangi upimwe upya. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha mjini, njano inahitaji sekunde 3 hadi 3.5. Kisha lazima pawe na muda ambao pande zote ni nyekundu ili aliyeingia amalize kutoka. Gari dogo linalovuka makutano ya mita 30 kwa mwendo huo linahitaji kama sekunde 2.5. Lakini tangu mabasi ya mwendokasi yaanze Mei 2016, makutano ya Barabara ya Morogoro yana basi la mita 18, na likivuka kwa kilomita 30 kwa saa linahitaji karibu sekunde 6 mpaka mkia utoke. Palipowekwa muda wa gari dogo, mkia wa basi unakutana na bodaboda walioanza kuondoka. Mtembea kwa miguu naye ahesabiwe mita 1 kwa sekunde, si 1.2, popote penye shule, soko au hospitali: barabara ya mita 24 ni sekunde 24.

Umeme ukikatika, betri nne za volti 12 zenye ampiasaa 100 zinatosha mataa ya LED yanayokula wati 400 kwa saa tano hivi, ikiwa hazikamuliwi zaidi ya nusu. Kabati lililo juani bila tundu la hewa huzipika kwa miaka miwili. Kabati lipakwe rangi nyeupe, liinuliwe sentimita 40, liwe na feni na kichujio cha kusafishwa kila baada ya miezi mitatu. Na mkandarasi anayekwangua lami apewe ramani ya nyaya za kuhisi magari zilizozikwa kama sentimita 5 chini ya lami. Nyaya hizo zikikatwa kontrola (kompyuta ya mataa) hudhani pana foleni daima au hapana gari kabisa, na ndipo wananchi husema mataa yana akili mbovu.

Kwa Mkuu wa Usalama Barabarani, kwa heshima zote: askari anapoongoza kwa mkono huku mataa yakiendelea kubadilika juu ya kichwa chake, dereva mgeni hajui amfuate nani. Makabati mengi yana kidirisha cha askari ubavuni, chenye kitufe cha kusogeza zamu huku njano na nyekundu ya pande zote zikibaki palepale. Askari wapewe funguo na nusu siku ya mafunzo. Kidirisha kikiwa kibovu, basi mataa yawekwe njano ya kumeta kabla mkono haujainuliwa.

Kinachokwamisha yote haya ni kwamba mguu mmoja wa nguzo una wenyewe wengi. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, za wilaya tangu 2017 ni za TARURA, umeme ni wa TANESCO, na jiji la zamani lilivunjwa Februari 2021, Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Mwananchi hawezi kuijua ramani hiyo, wala hapaswi. Kila nguzo ipigwe namba kwa rangi kwenye kimo cha macho: herufi ya mwenye nguzo, namba ya paneli, namba ya nguzo. Namba ya simu iwe moja kwa wote, na anayepokea ndiye atafute mwenye nguzo. Nguzo yenye umeme mwilini ifikiwe ndani ya saa 2, nyekundu iliyokufa saa 4, msururu uliozima saa 48, taa moja siku 7.

Kwa kila taa elfu moja, stoo iwe na taa kamili 30, draiva 50, kinga za mpigo 100, breka za ampia 6 zipatazo 150, vijimlango 100, maboksi ya maungio 100, kontakta 6, taima 4, na kebo ya akiba mita 500. Gari moja lenye kikapu cha kunyanyulia na mafundi wanne wanaweza kuzihudumia, wakizunguka usiku mara mbili kwa mwezi kutazama na mchana kutengeneza. Mara mbili kwa mwaka kila kijimlango kifunguliwe, hata cha taa inayowaka.

Kazi ya kwanza ianze Januari, kabla ya masika. Anzeni na nguzo za chuma zisizo na vijimlango kwenye vituo vya daladala na mbele ya shule, mkipima umeme kwenye mwili wa kila moja. Vifaa vya siku hiyo ni kipima umeme, bisibisi ya kuhisi, kufuli na mikanda ya chuma. Gari lenye kikapu libaki uani.

Wenu,
Mafundi na wahandisi wa umeme wa barabarani, Dar es Salaam